Kiboko Aliyetaka Kuitikiwa

Paukwa!

Pakawa!

Mdomo!

Wa kusema!

Sikio!

La kusikia!

Na kisichojibiwa?

Eeh, hapo mmekwama, mmebaki kunikodolea macho. Na wewe wa nyuma, iweke hiyo simu kifudifudi, mwanangu, huwezi kuwa hapa na kuwa huko. Ngano yangu haina haraka, lakini haipendi kusikilizwa kwa sikio moja. Haya, sogeeni.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na bonde. Ndani ya bonde palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa palikuwa na kiwanja. Bwawa lilikuwa la kila mwenye kiu. Kiwanja kilikuwa cha kila mwenye neno. Mnyama akiwa na neno alikwenda kiwanjani, akasimama katikati, akalisema. Akishalisema ananyamaza, tena lazima anyamaze, ndivyo mila yao ilivyotaka. Hapo mwitikiaji aliwatazama wote, mkubwa kwa mdogo. Akiona nyuso zimetulia aliitikia, "Naam!" na neno likawa la bonde zima. Akiona hata mmoja tu amekunja uso alipaza sauti, "Tangu lini?" Na msemaji, awe tembo awe chui, alibaki palepale akijieleza mpaka uso ule ukunjuke. Usipokunjuka, neno limeanguka, na watu wanakwenda zao kunywa maji.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wanyama. Kwa hiyo kila mtu alikuwepo.

Mwitikiaji alikuwa Bibi Kalunguyeye. Mnamjua? Kile kinyama cha kiganja kimoja, chenye miiba mgongoni, kikiogopa kinajikunja mpira. Mnajiuliza kwa nini kazi kubwa hivyo alipewa mtu mdogo hivyo. Kwa sababu katika msongamano ule yeye peke yake ndiye aliyekuwa hakaliki! Panya alishakaliwa na nyati akiwa katikati ya sentensi, na sentensi ile mpaka leo haijamalizika. Lakini Kalunguyeye ukimkalia, unaruka mwenyewe. Wiii!

Ila miiba nayo ina yake. Nani amwegemee Kalunguyeye? Nani amshike bega wacheke pamoja? Mumewe alikuwa na namna yake ya kulala naye, uso kwa uso, miiba ikitazama nje. Mumewe alikufa kiangazi kimoja kibaya, na tangu hapo hakuna aliyemgusa. Kilichomfanya ajione yuko duniani na wenzake ni kile kiwanja. Akisema "Naam!" mia wanamgeukia. Akisema "Tangu lini?" mia wanacheka. Anarudi shimoni kwake moyo umeshiba, analala.

Sasa, alikuwepo Kiboko. Huyu alikuwa na tumbo la kula, na chini ya tumbo hilo alikuwa na tumbo jingine la kutamani. Kiwanja alikichukia. Kutoka majini kulimwunguza ngozi, halafu kila akifungua kinywa kile kijimiiba kinamwuliza, "Tangu lini?" Anajieleza, jua linamchoma. Anajieleza tena, ngozi inampasuka. Mwisho anarudi majini, pwaa! hana alichopata.

Siku moja likapita gari la watu wa mjini, wale wanaokuja majira ya kuomba kura, maspika juu ya paa, muziki unalia ndingi-ndingi-ndi. Vruum! Vruum! Gari likazama kwenye tope la bwawa mpaka madirishani. Watu wakaruka, wakakimbia, viatu wakaviacha. Ndani ya gari wakaacha mtambo wao wa kutangazia, na shehena ya vijiredio vya kuwagawia wapiga kura, vile vidogo vinavyokula jua badala ya betri.

Kiboko akalizunguka gari. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Akakohoa mbele ya kipaza sauti, na vijiredio vyote vikakohoa. Kiboko akacheka mpaka bwawa likapata mawimbi.

Kesho yake kila mlango ulikuta kijiredio. Bure! Digidigi alikuta chake, Bi Ngiri alikuta chake, nyani wakagombania chao wakakipasua wakaletewa kingine. Kalunguyeye naye alikuta chake, kimeegemezwa vizuri pembeni mwa shimo. Akakibonyeza.

"Mpendwa msikilizaji," kijiredio kikasema, kwa sauti nzito ya upole. "Ndiyo, wewe, hapo hapo ulipo. Ninasema na wewe."

Mpendwa! Kalunguyeye akageuka kutazama kama nyuma yake kuna mtu. Hakuna. Tangu mumewe afe hakuna aliyemwita hivyo. Akasogea karibu, akajikohoza kidogo, akajibu kwa adabu, "Naam, bwana."

Lakini kijiredio hakikungoja. Kilishaingia kwenye wimbo, ndingi-ndingi-ndi, na jibu lake likaning'inia hewani. Kesho yake akajaribu kuwahi zaidi. Kilishapita. Siku ya tatu akalitoa jibu hata kabla hajaitwa, akajicheka mwenyewe, kicheko kisichofika mbali. Ni vibaya kumjibu mtu asiyejua kwamba upo. Mtu aliyekaa kimya tu peke yake ana nafuu.

Na kiwanja? Kiwanja kikaanza kupungua. Leo hakuja nyati, anasikiliza. Kesho hakuja pundamilia, anasikiliza. Wiki haikuisha, akawa anakwenda Kalunguyeye peke yake, anakaa katikati mahali pake, anatazama nyasi zinavyorudi. Anasubiri mtu aje aseme neno ili alijibu. Jua linapanda, jua linashuka. Anarudi nyumbani.

Ndipo jioni moja kijiredio kikasema, "Mpendwa msikilizaji. Bwawa hili ni la Kiboko. Mwezi ukiandama, atakunywa yule aliyeruhusiwa na Kiboko, na atakunywa baada ya Kiboko kuoga. Wote mmekubali. Asanteni kwa kukubali."

"Tangu lini?" Kalunguyeye akaruka juu, miiba imesimama yote. "Tangu lini?"

Ndingi-ndingi-ndi, kikajibu kijiredio.

Hakulala. Kulipokucha tu, akachapua vijiguu vyake mpaka kwa Digidigi. Hodi! Kimya. Hodi! Mlango ukafunguka upenyo wa kidole.

"Mjukuu wangu, umesikia habari ya bwawa?"

"Nimesikia, bibi."

"Na ukasemaje?"

Digidigi akatazama chini. "Nilisema tangu lini. Humu ndani. Lakini wote wamekubali, bibi. Mimi ni nani nikatae peke yangu?" Akafunga mlango.

Kalunguyeye akaenda kwa Bi Ngiri. Hodi! Kimya. Hodi! Pua ya Bi Ngiri ikatokeza.

"Mwenzangu, umesikia habari ya bwawa?"

"Nimesikia, shoga."

"Na ukasemaje?"

"Weee, nilipiga kelele tangu lini mpaka watoto wakaamka. Lakini ndiyo hivyo, wote wamekubali. Mimi na vitoto vyangu hivi, nipinge peke yangu, nikanyimwe maji?" Akafunga mlango.

Akaenda kwa nyati, jitu lenye pembe. Hodi! Na nyati naye alinong'ona kwa hofu, "Nilisema tangu lini, bibi, lakini polepole. Wote wamekubali. Mimi peke yangu nitaweza wapi?"

Kalunguyeye akakaa njiani. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa tupu, milango imefungwa huku na huku, na nyuma ya kila mlango wimbo uleule. Alitaka kulia. Bonde zima lilikuwa likisema jambo moja, na kila mmoja alijiona mwendawazimu peke yake. Angepita mlango kwa mlango awaeleze, lakini nani angemwamini kibibi cha miiba dhidi ya sauti inayowaita wapendwa? Na mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu.

Basi mtu akikosa nguvu atumie nini? Akaenda bwawani.

Kiboko alikuwa amelala nusu ndani ya gari, nusu nje, kipaza sauti puani, kijiredio chake mwenyewe sikioni. Alikuwa akijisikiliza.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Aaa, kijimiiba! Umekuja kuniuliza tangu lini?" Kiboko akacheka, ho ho ho, mapovu yakapanda. "Uliza! Hapa hakuna kiwanja!"

"Nije kuuliza nini, bwana mkubwa? Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kunyimwa utamu wako. Bonde zima linakuitikia, wewe ndiwe pekee usiyesikia."

Kiboko akatoa kijiredio sikioni. "Wananiitikia?"

"Nimepita mlango kwa mlango leo hii. Kwa Digidigi nimepita, kwa Bi Ngiri nimepita. Hata nyati! Kila ukitangaza bwawa, kila shimo linaitikia. Bi Ngiri anakuitikia mpaka watoto wanaamka."

"Wanasemaje? Hebu niambie, wanasemaje?"

"Ah, mimi mtu mdogo, nitayabeba maneno makubwa hivyo nisiyamwage? Ningekuwa wewe ningeyasikia kwa masikio yangu."

Hapo Kalunguyeye hakusema uongo hata tone. Angalieni hilo, nyinyi mnaopenda kusema mjanja ni mwongo.

Kiboko akatazama mtambo wake, akatazama maji. Mkiniuliza mimi, kuna kitu kilimpita usoni pale kisicho cha mtu mbaya. Siku zote zile alikuwa akisema, mpendwa, mpendwa, na kutoka huko nje halikurudi hata neno. Mtambo ulikuwa wa kupeleka tu.

"Nitawasikiaje?" akauliza, sauti imeshuka.

"Rahisi, bwana mkubwa. Ukishasema, usiweke wimbo. Waambie watoke wote, wasimame milangoni, waitikie vilevile kama wanavyoitikia wakiwa peke yao ndani. Wasiongeze, wasipunguze."

"Na kama kuna anayepinga?"

Kalunguyeye akafungua macho makubwa. "Apinge nani? Si redio imesema wote wamekubali?"

Kiboko akafikiri. Redio ilikuwa imesema, kweli. Alikuwa ameisikia mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa sauti nzuri ya kuaminika. "Wote wamekubali," akasema, na kifua kikamjaa. Sifa zikapanda kichwani kama pombe ya mtama.

Jioni ile, jua bado liko juu ya mlima, vijiredio vikasema, "Wapendwa. Leo nataka kuwasikia. Tokeni wote, simameni milangoni. Nikisema neno langu, mniitikie kama mnavyoniitikia mkiwa peke yenu ndani. Msiongeze, msipunguze."

Wakatoka. Kha! Ni siku nyingi hawajaonana. Wengine walikuwa wamenenepa, wengine wamekonda, watoto wa Bi Ngiri wameongezeka kimo. Wakatazamana kutoka mlango hadi mlango, kila mmoja akaona haya, wakainamisha vichwa.

"Bwawa hili," kikasema kila kijiredio, "ni la Kiboko!"

Wimbo haukuwekwa. Kimya kikashuka.

Kalunguyeye alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo lake. Alingoja. Digidigi alitazama miguu yake. Bi Ngiri alitazama watoto wake. Nyati alitazama juu, kana kwamba kuna jambo mawinguni. Kimya kikazidi kuwa kirefu, na Kalunguyeye akaingiwa na wasiwasi. Pengine waliogopa mno. Pengine jioni hii wangesema "Naam" kwa kuona haya tu, na bwawa liende, na yeye awe amemsaidia Kiboko kulichukua. Alijiona mpweke kuliko siku aliyomzika mumewe, maana siku ile walau watu walisogea.

Akafumba macho, akafungua mdomo. Sauti ikamtoka nyembamba, imekauka kwa kutotumika.

"Tangu lini?"

Kiu! Ndivyo ilivyosikika. Kama mlango unaohitaji mafuta.

Halafu kutoka kwa Digidigi, sauti inayotetemeka, "Tangu lini?"

Bi Ngiri akainua kichwa. "Tangu lini?" Na vitoto vyake nyuma, "Ta-lini! Ta-lini!"

"TANGU LINI?" Nyati huyo, mpaka vumbi likaruka.

Basi tena! Tangu lini huku, tangu lini kule, nyani juu ya mti tangu lini, chura ndani ya tope tangu lini. Kila aliyesema aligeuka kumtazama mwenzake kwa mshangao. "Kumbe na wewe?" "Kumbe na wewe?" "Mimi tangu siku ya kwanza!" "Mimi je? Muulize mke wangu!" Bonde lote likavuma, na ule mlima ng'ambo ukairudisha sauti, lini, lini, lini.

Kiboko alisikia. Alikuwa amefumba macho kungoja asali, akamiminiwa pilipili. Akadidimia taratibu, macho, pua, masikio, mpaka akaisha. Na kwa kuwa alisahau kuzima mtambo, vijiredio vyote vya bonde vikasema, bulu-bulu-bulu-bulu.

Ee, walicheka! Walicheka wakielekea bwawani, wakanywa pamoja, wakamwagiana maji. Bwawa likabaki la kila mwenye kiu, na ni hivyo mpaka leo. Digidigi akataka kumkumbatia bibi yake, akakumbuka miiba, akabaki ameinua mikono. "Asante, bibi."

"Tukutane kesho kiwanjani," Kalunguyeye akasema, macho yanamng'aa. "Wote."

"Wote, bibi! Tukose tuna nini?"

Asubuhi Kalunguyeye aliwahi. Aling'oa nyasi kiwanja kizima kwa meno yake, akatandika majani makavu upande wa wazee. Akakaa katikati. Akangoja.

Jua likapanda. Akafikiri wamechelewa kwa sababu ya furaha ya jana. Jua likazidi kupanda. Akainuka akaenda kwa Digidigi. Hodi!

"Bibi, samahani, siwezi kutoka sasa hivi," Digidigi akasema kupitia upenyo. "Yule ndege Chiriku amechukua ule mtambo, si unamjua kwa maneno mengi. Anasoma salamu! Anataja majina ya watu! Nimetuma salamu zangu kwa Bi Ngiri, nangoja zisomwe."

"Bi Ngiri si yuko hapo mlango wa pili? Vuka umsalimie."

Digidigi akamtazama kwa huruma, kama watoto wanavyotutazama sisi. "Si sawa, bibi. Zikisomwa redioni bonde zima linasikia." Akafunga mlango.

Akaenda kwa Bi Ngiri. Alikuwa akingoja salamu za Digidigi. Akaenda kwa nyati. Nyati alisema leo hatoki, na bibi asirudi tena mpaka majina yanayoanza na herufi yake yamalizike kusomwa. Nyuma ya kila mlango, ndingi-ndingi-ndi.

Kalunguyeye akarudi kiwanjani kwa sababu hakuwa na kwingine pa kurudi. Akajikunja mpira, akakaa hivyo. Alikuwa amewarudishia maji, na wao walikuwa wamekwenda nayo majumbani.

Akasikia kishindo. Tif! Tif! Tif! Akakunjuka kidogo, akachungulia.

Alikuwa Kiboko. Tope limemkauka mabegani, uso umemshuka. Hakuna aliyemsindikiza. Akasimama pembeni mwa kiwanja kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Wanasikiliza salamu."

"Mimi hawajanitaja."

"Hata mimi."

Kiboko akatazama nyasi zilizong'olewa na majani yaliyotandikwa. Halafu akajikokota mpaka katikati, pale pa msemaji, akakohoa. Safari hii alikohoa yeye tu.

"Nina neno," akasema.

"Sema."

"Bwawa lile ni langu." Akanyamaza, kama mila ilivyotaka. Alimtazama Kalunguyeye bila kupepesa macho. Hakuwa akiogopa jibu. Alikuwa akiogopa kwamba halitakuja.

Kalunguyeye akasimama. Akawatazama wote, mkubwa kwa mdogo, mahali pote palipokuwa patupu. Akavuta pumzi.

"Tangu lini?"

Kiboko akashusha pumzi ndefu sana. Akaketi chini, akaanza kujieleza. Alieleza habari za mama yake aliyemzaa mle majini, akaulizwa. Alieleza habari za kiangazi kile kibaya alichobaki mwenyewe kwenye tope, akaulizwa. Walibishana mpaka vivuli vikahama upande. Hakupata hata kijiko cha bwawa.

"Kesho utakuwepo?" Kiboko akauliza akiondoka.

"Niende wapi?" akasema Kalunguyeye.

Basi, funzo la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba mtoto mwenye adabu hawaulizi wakubwa maswali. Wahenga wamesema mwenye nguvu mpishe. Mkubwa akikuambia bwawa ni lake, chukua ndoo yako, rudi nyumbani, funga mlango, ufungulie wimbo. Mmeona wenyewe aliyejifanya hodari wa kuuliza amebakia na nani. Na mkiulizwa ni nani aliyewafundisha hayo, mimi hamnijui.

Ngano yangu nimeitua hapa. Kama imekolea, tugawane sote. Kama ina mchanga, niachieni niitafune mwenyewe.